Utepe Kwenye Tangi la Rangi

Jioni, kabla sijaosha vyombo, nilikuwa nikipandisha mkono wa gauni hadi begani, napiga goti ukingoni mwa mfereji na kupapasa chini ya maji pale kipande chetu kinapopakana na kipande cha jirani yetu Spana. Nilikuwa natafuta vikonyo. Utepe, mboga yetu ya majini, unatoa vikonyo vyeupe, vyembamba kama uzi wa kushonea viatu, vinapenya mchangani kimyakimya, na mbele kidogo kinachipuka kimche kipya chenye majani machache laini yanayocheza na maji. Mmea wenyewe hauna habari na mambo ya watu. Hauulizi nani aligoma na nani aliingia kazini. Kwa hiyo ilibidi mtu mwenye kumbukumbu ausaidie. Nikikuta kikonyo kimevuka kwenda kwa Spana, nilikikata kwa kucha, na kimche chake nikakitupa nyuma ya bega, kwenye majani makavu ya uchochoroni, bila hata kugeuka.

Mume wangu alikuwa akinitazama kutoka mlangoni, kikombe cha chai mkononi. Alifanya kazi chumba cha rangi ujana wake wote, na mpaka leo kucha zake ni za bluu.

“Mama watoto,” aliniambia siku moja, “vita vyako na mboga vitaisha lini?”

“Siku Spana atakapotoka pale alipoingia.”

“Kiwanda kimefungwa, mke wangu. Atatoka wapi tena?”

“Basi shida ni yake.”

Nieleze mambo yalivyo, maana wapo waliozaliwa juzi wanaodhani dunia ilianza na wao. Laini yetu ni nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Kiwanda cha nguo kilizijenga ili tulale karibu na mashine, tusipoteze muda njiani. Nyuma ya majiko unapita mfereji wa mawe, uliokuwa ukipeleka maji ya chemchemi kwenye matangi ya rangi. Kila nyumba ina kipande chake cha mfereji, kuanzia ukuta wake hadi ukuta wa jirani, na katika kila kipande umejaa utepe: majani marefu membamba, kijani cha chupa, yamelala yote upande mmoja kufuata maji kama nywele zilizochanwa sasa hivi. Kipande cha Spana tu ndicho kilichokuwa mchanga mtupu. Kutoka kibarazani kwangu kilionekana kama pengo la jino. Nililipenda sana pengo lile. Nilikunywa chai nikilitazama.

Zamani hatukujua kwamba utepe unalika. Tulijifunza wakati wa mgomo. Kampuni ilifunga kantini, ikafunga na duka lake, ikakaa kusubiri njaa itutie adabu. Siku hizo meneja alikuwa na bata, wanene, wenye kutembea kama wana hisa kiwandani. Mama mkwe wangu, aliyekuwa na mdomo kuliko mimi, aliwakazia macho wakipiga mbizi mferejini na kuibuka na majani.

“Hawa bata,” akasema, “mbona wananenepa kuliko wajukuu zangu?”

Akakunja gauni, akaingia majini, akang’oa fungu. Akaonja sehemu ya chini ya jani, ile nyeupe iliyofichwa na mchanga. Sote tulisimama kumtazama kama anakunywa sumu. Akatafuna. Akatafuna tena. Kisha akatuangalia kwa dharau.

“Mnasubiri nini? Mnataka niwamezee?”

Hapo ndipo maisha yetu yalipobadilika. Tulijifunza kuchuma jani changa na kuacha moyo wa mche, maana ukikata moyo umeua. Tulijifunza kuosha maji baada ya maji, mpaka konokono wadogo kama punje za pilipili waishe, kwa sababu konokono mmoja katika meno anatosha kumfanya mtoto asusie sufuria nzima. Sehemu nyeupe tuliila mbichi, na chumvi na ndimu, inakatika mdomoni kama tango changa. Majani tuliyapitisha kwenye mafuta ya moto, kidogo tu, maana ukizubaa yanakuwa kamasi. Na mafuta yalipoisha tuliyachemsha na viazi, tukayaponda, tukawalisha watoto. Wake wa mabosi walisimama kwenye roshani ya ofisi, wakacheka. “Wala nyasi,” walituita. Ninawakumbuka wote, pamoja na rangi za viatu vyao.

Na Spana namkumbuka zaidi. Yeye alikuwa fundi wa boila. Bila boila hakuna mvuke, bila mvuke hakuna rangi, na bila rangi hakuna nguo ya kuuza. Tulijua kwamba yeye akigoma kampuni inapiga magoti wiki ileile. Asubuhi moja akaja na mfuko wake wa vifaa begani, shati la rangi ya maziwa lisilo na kifungo cha juu. Hata hakupita mlango wa nyuma kama wezi wenzake. Alipita lango kuu, katikati yetu, akitazama vidole vya miguu yake. Jioni ile bomba la boila likatoa moshi, na mama mkwe wangu, aliyekuwa hajawahi kulia mbele ya watu, akajifunika kanga usoni.

Tulishinda nusu. Kantini ikafunguliwa, saa za chumba cha rangi zikapunguzwa. Miaka ikaenda, kiwanda kikafa kwa ujinga wa wenyewe, mashine zikauzwa chuma chakavu, na sasa ndani wamejaza mifuko ya saruji. Nyumba tukabaki nazo. Spana naye akabaki, ukuta kwa ukuta na mimi, kama adhabu. Mkewe alishafariki, wanawe wako mbali. Anatengeneza baiskeli na pampu za maji uani kwake. Akiniona ananiita shemeji, kwa kuwa mume wangu anamwita kaka. Nami namjibu kila mara, “Shemeji yako nani?”

Kila mwaka, mvua zikiisha, laini nzima tunakula pamoja chakula cha lango, kuukumbuka mgomo. Ni utepe, viazi na chumvi, kama siku zile, kwenye meza ndefu tunayoitandika uchochoroni. Kila nyumba inachangia fungu kutoka kipande chake. Nyumba ya Spana haina kipande cha maana, kwa hiyo haina fungu, kwa hiyo haina kiti. Hakuna aliyewahi kupitisha azimio. Ilikuwa tu hivyo, na mimi nilihakikisha inabaki hivyo kwa ukucha wa kidole gumba.

Mwaka huu wajukuu walisema wataleta marafiki zao kutoka mjini. Nikatazama kuta zetu, zimechubuka kama magoti ya watoto, nikasema hapana, watu hawatakuja kuona banda la kuku. Nikatoa amri: kuta zote zipakwe chokaa kabla ya siku ya chakula. Jirani yangu wa upande wa pili, Mama Pacha, ambaye pacha wake sasa wana ndevu, akakusanya watu, na kutwa nzima laini ilinuka chokaa. Ilipendeza. Nilipita nikikagua, mikono nyuma, kama meneja, Mungu anisamehe.

Amri yangu ya pili ilikuwa ya siku zote. Jioni ya kuamkia mavuno tunashusha ubao pale maji yanapoingilia mferejini, ili yasimame. Maji yakisimama tope linatulia, na asubuhi unaona mpaka chini, unachagua jani kwa jani. Nikampigia kelele mume wangu, “Shusha ubao!” Naye akashusha.

Sasa, vitu vichafu huwa tunaoshea mkiani mwa mfereji, chini ya nyumba ya mwisho, maana huko maji yanaondoka na uchafu wake. Mama Pacha na wenzake wakafanya kama tulivyofanya maisha yetu yote. Wakaosha burashi, wakasuuza ndoo, wakamimina mapipa ya chokaa iliyobaki. Hakuna aliyekumbuka kwamba maji hayaendi popote. Yakiwa yamesimama, mkia na kichwa ni kitu kimoja.

Asubuhi mfereji ulikuwa mweupe kama maziwa ya kopo, toka mwanzo hadi mwisho.

Tuliinua ubao mbiombio, maji yakakimbia, lakini kazi ilikuwa imekwisha. Niliingiza mkono, nikashika jani, likabaki kiganjani kama karatasi iliyochemshwa. Nikashika mche, ukang’oka wote, mizizi imeungua. Nikaenda kipande cha Mama Pacha, hivyohivyo. Watu wakatoka mmoja mmoja, wakasimama kwenye vibaraza vyao vyeupe vinavyometameta.

“Ni mimi,” akasema Mama Pacha. “Ni mimi niliyemwaga.”

“Wewe ulimwaga pale tunapomwaga siku zote,” nikamwambia. “Aliyesimamisha maji ni mimi, na aliyetaka chokaa ni mimi. Acha kujipendekeza.”

Akacheka huku machozi yanamtoka. Lakini mimi sikucheka. Pale chemchemi ilipokuwa, siku hizi wameijengea zege, maji tunaletewa na bomba. Utepe ule haukuwa na ndugu mahali pengine. Nilikaa ukingoni, miguu majini, nikihisi kama nimemzika mama mkwe wangu mara ya pili, na safari hii kaburi nimechimba mwenyewe. Njaa haikutushinda, kampuni haikutushinda. Aliyetushinda ni mimi, kwa ndoo ya chokaa.

Mume wangu akaja kukaa kando yangu. Alikuwa na ile sura yake ya mtu anayetafuta pa kuweka mikono.

“Upo mwingine,” akasema.

“Mwingine nini?”

“Utepe. Upo.”

“Wapi?”

“Kwa jirani.”

“Kwa Mama Pacha umekufa, nimeushika kwa mkono wangu.”

“Jirani wa upande huu.”

Nikamgeukia. Akawa anaitazama baiskeli yake, iliyoegemea ukutani. Ile baiskeli huipeleka kwa Spana kila juma, na kila juma inarudi na shida ileile ya mnyororo. Nikaanza kuelewa pole pole, kama mtu anayesikia harufu ya kitu kinachoungua na hajui ni chungu cha nani.

“Mnyororo gani huo,” nikauliza, “usiopona miaka yote?”

“Anatia yai,” akasema mume wangu kwa sauti ndogo.

“Nini?”

“Anaukaanga na kitunguu, halafu anavunjia yai juu. Kidogo tu.”

Jamani. Kwamba mume wangu alikula kwa msaliti, hilo ningelivumilia kwa kukaza meno. Lakini yai! Maisha yangu yote nimeupika utepe, nimeuhubiri, nimeupigania, na wazo la yai halijawahi kunipitia kichwani. Niliinuka, nikajifuta miguu kwa pindo la gauni, nikaenda kwa Spana. Kuna mtu alisema “Yesu wangu,” nadhani ni Mama Pacha.

Uani kwake palijaa tairi, fremu za baiskeli zimening’inia kama ngozi zinazokaushwa. Na nyuma kabisa, chini ya paa la bati, yalikuwapo matangi ya chumba cha rangi. Yale yale. Niliyatambua kwa mikunjo yake. Aliyaokoa siku wanauza chuma chakavu. Ndani ya kila tangi, juu ya mchanga safi, ulisimama utepe, mrefu, wa kijani, unapumua. Vijiua vyeupe vilielea juu ya maji, vidogo kama makombo ya mkate, kila kimoja mwishoni mwa shina lililojisokota.

Spana alikuwa amekaa kwenye kigoda, anasugua bomba la pampu. Akasimama aliponiona. Amezeeka, nikaona. Sikuwahi kumtazama kwa karibu kiasi kile.

“Karibu, shemeji.”

“Shemeji yako nani? Huu umeupata wapi?”

“Kwako.”

“Mimi sijakupa kitu.”

“Uchochoroni,” akasema. “Ulikuwa unanitupia. Kila asubuhi napita na kikombe chenye maji, naokota.”

“Sikuwa nakutupia wewe. Nilikuwa natupa.”

“Ndiyo. Nami nikawa naokota.” Akagusa shina moja lililojisokota kwa ncha ya kidole. “Ona hii. Ua likishamaliza kazi juu, shina linajikunja, linalivuta chini likazae. Springi kabisa. Mtu huwezi kuitengeneza vizuri hivi.”

Nilijikuta nimeinama kutazama springi. Kisha nikakumbuka mimi ni nani.

“Kwa nini ulivuka lango?” nikamuuliza.

Swali hilo nilikuwa nalo tangu nikiwa na meno yangu yote. Nilikuwa nimeandaa majibu ya kila kisingizio. Akisema mtoto alikuwa mgonjwa, ningemtajia waliokuwa na watoto wagonjwa zaidi. Akisema alilazimishwa, ningemtajia waliolazimishwa wakakataa, na waliofukuzwa kwa kukataa. Nilikuwa na kila kitu tayari, nimenoa.

“Niliogopa,” akasema Spana.

Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Akarudi kusugua bomba la pampu. Kwa hilo sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, bado sijalipata.

“Mfereji wetu umekufa,” nikasema mwishowe.

“Nimeona.”

“Nimekuja kutafuta mbegu.”

“Chukua. Chukua wote, ni wa kwako.”

Hapo damu ikanichemka upya. Kupewa bure! Na mtu yule! Niondoke pale nimebeba ndoo, nikiwa nimefadhiliwa na aliyewasha boila!

“Sichukui cha bure kwako,” nikamwambia. “Tutapatana. Sema unachotaka.”

“Sitaki kitu.”

“Kila mtu anataka kitu. Dai.”

“Nidai nini, shemeji?”

“Unaniuliza mimi? Mimi ndiye ninayedaiwa!”

Akakuna kichwa. Ilikuwa wazi kwamba hajawahi kudai kitu tangu azaliwe. Akapangusa vidole kwa kitambaa chenye grisi.

“Basi,” akasema, “na mimi nipate mche mmoja kwenye kipande changu. Mmoja tu. Uupande wewe kwa mkono wako.”

“Mmoja!”

“Ni mwingi?”

“Mwingi? Spana, huna haya! Umeshika utepe wote uliobaki duniani, laini nzima iko mikononi mwako, unadai mche mmoja? Ndiyo maana kampuni ilikutafuna kama karanga! Mtu haanzi na kile anachotaka. Anaanza na mara mbili yake, ili akipunguzwa abaki nacho. Anza upya.”

“Basi miwili.”

Nyuma ya ukuta nikasikia mtu anabanwa na kikohozi. Nilijua kikohozi hicho, kina kucha za bluu.

“Kipande kizima!” nikapiga kelele. “Dai kipande chako chote kipandwe, kutoka ukuta hadi ukuta, tena kianze chako kabla ya vyetu, kama dhamana. Hilo la kwanza. La pili, mavuno yakija nyumba yako ihesabike na fungu lake litambulike kama la kila nyumba. Na la tatu...”

Nikauma ulimi. Nilichelewa.

“La tatu,” akasema Spana taratibu, “lilikuwa meza moja.”

Alikuwa anayakumbuka. Madai yetu, yale tuliyoyabandika langoni, naye hakuwa upande wetu wa lango. La kwanza saa za chumba cha rangi, la pili kantini ifunguliwe, na la tatu, ambalo halikuigharimu kampuni hata senti na ndilo lililowauma kuliko yote: mabosi na wafanyakazi wale meza moja. Niliandika mimi mwenyewe, kwa mkaa, mimi niliyejifunza kusoma kwenye magazeti ya kufungia sabuni. Hilo hatukulipata kamwe.

“Nadai hayo matatu,” akasema Spana. Alisimama wima. “Na sipunguzi.”

Ningemfanya nini? Ndivyo nilivyomfundisha. Nilitafuta mahali pa kushikia katika maneno yake, nikakuta yote nimeyatengeneza mimi, yamekaza vizuri.

“Siwezi kuamua peke yangu,” nikamwambia. “Napeleka kwa wanachama.”

Wanachama walikuwa wamejazana uchochoroni, masikio ukutani. Nikawasomea madai, la kwanza, la pili, la tatu. Nikawaambia na maoni yangu, kwamba mimi la tatu linanichoma rohoni na sitajifanya halinichomi.

“Kwani aliyemfundisha kudai ni nani?” akauliza Mama Pacha.

“Tuendelee na kikao.”

“Hapana, tuambie. Maana tumesikia mwalimu akifoka.”

Wakacheka mpaka wengine wakashika kuta, wakachafuka mikono kwa chokaa mbichi. Walipomaliza kucheka wakainua mikono. Nikahesabu kwa macho, nikaona hakuna haja ya kuhesabu. Mkono wa mwisho kupanda ulikuwa wangu, na sikuuinua juu sana.

Tukafanya kazi kutwa. Tulitoa mchanga wote ulioungua, tukasuuza mawe, tukaacha maji yapite mpaka yakaacha kuwa na ladha ya ukuta. Mchanga mpya tulioupata ulitosha kipande kimoja tu kwa siku ile. Kulingana na mapatano, kilikuwa cha Spana. Nikapandisha mkono wa gauni hadi begani. Yeye akawa ananipa vimche kutoka kwenye ndoo, kimoja kimoja, amevishika kwenye kiganja kama mtu anayepokeza vifaranga. Nami nikawa navisimika mchangani, nabana mizizi kwa vidole, moyo wa mche juu ya mchanga, usifunikwe. Mahali pale pale. Mkono ule ule. Mara moja aliniambia, “Hicho umekiinamisha, shemeji,” nami nikamwambia anyamaze, kisha nikakinyoosha.

Chakula cha lango tulikula kesho yake. Wajukuu walikuja na marafiki zao, wakazisifia kuta. Utepe ulikuwa haba, kwa sababu ulio mwingi tuliuacha matangini uzae mbegu ya laini nzima, na ule uliochumwa ulimezwa na viazi hadi ukawa unaonekana kwa kubahatisha. Spana alikaa mwisho wa meza, ameoga, shati limefungwa vifungo vyote. Kijana mmoja wa mjini akaniuliza yule babu ni nani.

“Ni aliyevuka lango wakati wa mgomo,” nikamwambia, kwa sauti ya kusikika meza nzima. Sisahau, na sitaki wengine wasahau. Spana akaitikia kwa kichwa, kwamba ndiyo, ndiye yeye, akaendelea kumenya kiazi chake.

Kisha nikabeba bakuli lake na kulijaza mimi mwenyewe, sawasawa na mengine. Meneja yeyote angepita pale uchochoroni angeona kile alichokataa kutupa, meza moja, na angeona kwamba haikumuua mtu. Mume wangu alikuwa anakula, anatabasamu ndani ya bakuli. Mama Pacha akaanzisha ule wimbo wetu wa langoni na kuusahau katikati, kama kila mwaka. Sehemu nyeupe ya jani ilivunjika mdomoni mwangu, baridi, na ndimu na chumvi. Hata mama mkwe angekula. Angelalamika, halafu angeongezewa.

Vipande vyetu vingine tulivijaza taratibu, kila mchanga ulipopatikana. Cha kwetu kilikuwa cha mwisho kwa sababu nilitaka kiwe cha mwisho. Aliyekosea hapangwi mbele. Hata hivyo, kabla sijakipanda, jioni moja nilipiga goti ukingoni kwa mazoea, nikapapasa mpakani. Kidole kikagusa kitu. Kikonyo cheupe kilikuwa kimetoka kwa Spana, kimepita chini ya mpaka na kuingia kwangu, na mbele yake kimesimamisha kimche chenye majani matatu.

Ukucha wangu ulikuwa tayari umekaa mahali pake. Nikauondoa.

“Spana!” nikaita.

Kijiko kiligonga sahani upande wa pili wa ukuta. Harufu ya kitunguu ilikuwa inakuja. “Naam, shemeji?”

“Utepe wako umevuka.”

Nikasikia kigoda kinasogezwa, halafu sauti yake, taratibu, ya mtu aliyefundishwa vizuri:

“Unadai nini?”

Nilikaa juu ya visigino vyangu, mkono unadondosha maji, nikafikiri. Mume wangu alikuwa mlangoni na chai yake, anangoja kama ananiona mara ya kwanza.

“Yai moja,” nikasema. Kisha nikajishika. “Hapana. Mawili.”